Usiache mbachao: Baiskeli kuukuu ya mlimani bado ina maisha

KATIKA maboma mengi nchini, nyuma ya ghala au kando ya tangi la maji, pana baiskeli ya mlimani iliyosahauliwa. Ilinunuliwa ikiwa mtumba miaka mingi iliyopita, ikatumika kwenda sokoni na shuleni, kisha ikaegeshwa pale rimu zilipopinda na springi za mbele zikakataa kubonyea.

Siku moja kijana wa boma hilo huivuta nje, akaifuta vumbi na kujiuliza swali linalowatatiza wengi: je, aifufue, au aanze kudunduliza fedha za kununua mpya?

Swali hilo si dogo. Baiskeli iliyoboreshwa kwa busara humhudumia mwenyewe miaka kadhaa zaidi kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya mpya. Iliyoboreshwa kwa pupa humla fedha bure na, baya zaidi, huweza kumvunjikia akiwa katikati ya mteremko.

Ni vyema kukumbuka kwamba baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kutokana na ukarabati wa vikuukuu. Katika miaka ya sabini, vijana wa Marin County katika jimbo la California, Marekani, waliokota baiskeli nzito zenye matairi manene zilizoundwa miaka ya thelathini na arobaini, wakazibadilisha vipuri na kuteremka nazo milimani.

Mashindano yao ya kwanza yalifanyika mwaka 1976 katika njia iliyopewa jina la Repack, kwa maana breki za habu zilipata moto hadi grisi ikayeyuka, na ikabidi habu zijazwe grisi upya baada ya kila mteremko. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaanza kuunda fremu mahsusi kwa kazi hiyo, na kufikia mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilikuwa ikiuza Stumpjumper kwa umma.

Hapa nyumbani, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunza mengi akiwa kijana kwa kuandamana na David Kinjah katika vijia vya Kikuyu. Kipaji na bidii havikungoja baiskeli ya bei ghali.

Mwendo mfupi ni nini?

Foku yenye springi hupimwa kwa umbali inaoweza kubonyea inapogonga jiwe au shimo. Umbali huo ndio huitwa mwendo wa springi. Baiskeli nyingi za mlimani za mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na mwendo wa milimita 80 hadi 100, ilhali baiskeli za leo za kuteremkia njia mbovu huwa na milimita 140 au zaidi.

Mwendo mfupi si kasoro. Kwa mtu anayezunguka katika Msitu wa Karura, au anayepita kwenye vumbi la Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, milimita 80 zinazofanya kazi sawasawa zinatosha. Tatizo huwa kwamba baada ya miaka 20 hazifanyi kazi tena.

Kagua kabla ya kufungua mfuko

Hatua ya kwanza haigharimu chochote ila muda na kitambaa chenye maji. Mwenye baiskeli aisafishe fremu kisha aikague mahali penye mwanga, hasa upande wa chini wa bomba la mshazari, pale linapoungana na bomba la mbele linaloshika foku. Ufa mwembamba kama unywele, rangi iliyojikunja au uvimbe mdogo ni dalili kwamba fremu imechoka.

Fremu yenye ufa mahali hapo haifai kutumiwa tena njiani. Iwapo ni ya aluminiamu, haifai hata kupelekwa kwa mchomeleaji wa mtaani. Aluminiamu nyingi ya fremu hupewa nguvu kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo. Kiungo kinaweza kuonekana kizuri, lakini hukatika bila ilani.

Aidha, mnyororo upimwe. Mnyororo mpya huwa na viungo 24 katika inchi 12 kamili. Ukirefuka kwa zaidi ya sehemu moja kwa mia, kuna uwezekano mkubwa kwamba sproketi nazo zimelika, na kuweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyochakaa husababisha kuruka kila mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu.

Gololi za habu na za mhimili wa pedeli nazo zifunguliwe, zioshwe na zipakwe grisi mpya. Kazi hii hufanywa na fundi yeyote stadi, na mara nyingi ndiyo inayorejesha nusu ya uhai wa baiskeli.

Breki na matairi kwanza

Fedha za kwanza zielekezwe pale baiskeli inapogusana na ardhi, na kwenye vifaa vya kuisimamisha. Tairi kuukuu huwa gumu na kupasuka kandokando, hivyo haliwezi kushika barabara ya murram wala mwamba ulioloa.

Baiskeli nyingi za zama hizo hutumia magurudumu ya inchi 26. Ingawa watengenezaji wakubwa wamehamia inchi 27.5 na 29, matairi ya inchi 26 bado yanapatikana. Badala ya lile la upana wa inchi 1.95, mtu anaweza kujaribu la inchi 2.1 au 2.25, almuradi ibaki nafasi ya takriban milimita 6 kila upande kati ya tairi na fremu. Tope likijaa katika nafasi ndogo kuliko hiyo, gurudumu hukwama.

Tairi pana huhitaji upepo mchache zaidi, na hapo ndipo starehe inapopatikana. Mwendo wa springi usioweza kuongezwa katika foku huweza kupatikana kwa kiasi fulani katika tairi.

Kuhusu breki, wengi hukimbilia za diski. Hata hivyo, fremu na foku zisizo na vishikizo vya kufungia breki hizo hazipaswi kuchomelewa vishikizo vya kubuni. Breki za kubana rimu zenye mikono mirefu, zilizoenezwa na Shimano kuanzia mwaka 1996, zina nguvu ya kutosha zikiwekwa raba mpya, waya mpya na mfuko mpya wa waya.

Tahadhari moja ni muhimu. Breki hizo huvuta waya mwingi kuliko zile fupi za awali, na kwa hivyo mkono wa breki ulio kwenye usukani unapaswa kuwa wa aina yake. Ukichanganya breki ndefu na mkono wa zamani, mkono huweza kugusa usukani kabla gurudumu halijasimama.

Usukani na gia

Badiliko linaloshangaza wengi kwa unafuu wake ni usukani. Zamani ulikuwa na upana wa milimita 560 hadi 600, nao ulishikwa na shingo ndefu ya milimita 100 na zaidi, hivi kwamba mwendeshaji aliinamia gurudumu la mbele kama anayechungulia kisima. Usukani wa milimita 700 hadi 740 pamoja na shingo ya milimita 60 au 70 humrudisha nyuma kidogo na kumpa uthabiti anapoteremka.

Anayenunua akumbuke kupima unene. Usukani wa zamani hubanwa katika kipenyo cha milimita 25.4, nao mpya mwingi ni wa milimita 31.8. Kwa hivyo usukani na shingo hununuliwa pamoja.

Kwa upande wa gia, mtindo wa sasa ni kuondoa sproketi tatu za mbele na kubakisha moja. Hesabu yenyewe ni rahisi. Baiskeli yenye meno 22, 32 na 42 mbele, na meno 11 hadi 32 nyuma, ina gia nyepesi kabisa ya 22 kwa 32, yaani gurudumu huzunguka mara 0.69 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukiweka sproketi moja ya meno 30 mbele na seti ya meno 11 hadi 42 nyuma, gia nyepesi huwa 0.71. Tofauti mlimani ni ndogo mno.

Lakini kuna gharama. Gia nzito hushuka kutoka 3.8 hadi 2.7, na anayetumia baiskeli hiyo hiyo kwenda kazini kwenye lami atajikuta akizungusha miguu bila kuongeza kasi. Kwa mtu kama huyo, sproketi tatu kuukuu bado zina hekima.

Isitoshe, badiliko hilo hudai kibadilisha gia cha nyuma kinachofikia meno 42, pamoja na habu ya kuchomeka sproketi. Magurudumu ya gia 7 ambayo sproketi zake hukazwa kwa kuskurubu hayatazipokea.

Foku: hapa ndipo penye hatari

Foku nyingi za miaka ya tisini zilitumia vipande vya raba badala ya springi za chuma au upepo. Raba hizo hukauka na kumomonyoka, na vipuri vyake ni adimu. Hapo mwenye baiskeli huwa na njia tatu: kutafuta foku nyingine ya mwendo uleule, kuweka foku ngumu isiyo na springi, au kuweka ndefu zaidi.

Njia ya tatu ndiyo huwavutia vijana na ndiyo iliyo na mtego. Foku hufanya kazi kama mtaimbo. Kadiri inavyorefuka, ndivyo kila pigo la jiwe linavyozidi kulitikisa bomba la mbele la fremu, ambalo muundaji alilikadiria kwa foku fupi. Fremu iliyoundwa kwa milimita 80 inaweza kuvumilia 100 iwapo mtengenezaji aliruhusu. Kuiwekea 140 ni kuiomba ivunjike.

Hata isipovunjika, tabia yake hubadilika. Kila milimita 20 zinazoongezwa huilaza pembe ya mbele kwa takriban digrii moja. Digrii moja humfaa anayeteremka, kwa sababu pembe za zamani za digrii 71 zilikuwa kali. Zikiwa tatu, gurudumu la mbele huanza kuinuka na kuyumba mwendeshaji anapopanda mlima.

Vilevile, shina la foku lipimwe kabla ya kununua. Fremu nyingi za zama hizo hupokea shina nyoofu la inchi 1 na 1/8, ilhali foku nyingi za leo zina shina lililonenepa hadi inchi 1.5 upande wa chini. Hili haliingii katika fremu hizo, na hakuna nyundo itakayolilazimisha.

Foku ya upepo ikishafungwa, ijazwe kulingana na uzito wa mwendeshaji. Anapoketi kwa utulivu, ibonyee kwa takriban robo ya mwendo wake. Kwa milimita 80, hiyo ni 20. Uzi mwembamba uliofungwa kwenye mguu wa foku utaonyesha kipimo hicho.

Kujua pa kukomea

Ukarabati una kikomo. Iwapo fremu ina ufa, rimu zimelika hadi kuingia ndani na foku haina vipuri, basi kinachosalia ni jina tu. Afadhali vifaa vizima viondolewe na kuhifadhiwa, na fedha zielekezwe kwingine.

Lakini pale fremu ilipo nzima, mpangilio wa kazi uwe huu: ukaguzi na grisi, kisha breki na matairi, kisha usukani, kisha gia, na foku mwisho. Anayeufuata anaweza kusimama katika hatua yoyote, fedha zinapokwisha, akiwa na baiskeli salama. Anayeanza na foku ndefu na ya kupendeza, huku breki zikiwa za zamani, hujiandalia njia ya haraka ya kufika chini.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha huo, hata hivyo, sharti ukung'utwe na utazamwe matundu kabla ya kutandikwa.