SERIKALI IMEKATAZA BARIDI?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kama umewahi kukaa Garissa mwezi wa Machi, sina haja ya kukueleza joto ni nini. Mabati hulia juu ya vichwa vyetu, mbuzi hugombania kivuli cha ukuta, na sisi wanafunzi wa kutwa tukifika nyumbani kwa chakula cha mchana huwa tumelowa jasho kana kwamba tumevuka mto Tana kwa miguu.

Nyumbani kwetu kuna kiyoyozi kimoja tu, yaani ile mashine ambayo watu wengi huiita eisi. Kimefungwa katika chumba cha ayeyo, nyanya yangu, kwa sababu ana ugonjwa wa presha na joto humzidi nguvu. Abti, ambaye ni mjomba wangu, alikinunua Nairobi kikiwa kimeshatumika. Bei ilikuwa nafuu na sote tulifurahi. Lakini kila mwaka kiangazi kikikaribia, mashine ile hupuliza hewa ya vuguvugu, na fundi huitwa aje "kuongeza gesi".

Mwaka huu fundi alitaja bei iliyokaribia kuwa maradufu ya ile ya mwaka jana. Abti akashtuka.

"Fundi, mbona hivyo? Ama umesikia nimeuza ngamia?"

"Si mimi, mzee. Hii gesi inaondolewa. Serikali imeikataza."

Ayeyo alikuwa amejilaza kitandani akisikiliza. Akauliza, "Serikali imekataza baridi?"

Tulicheka wote, lakini swali lile halikunitoka akilini. Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, nikasoma na vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Gesi hiyo hufanya kazi gani?

Wengi wetu tumeona jerikeni ya maji ikifungwa gunia lililoloweshwa. Maji ya gunia yakikauka huondoka na joto, na yale ya ndani hubaki baridi. Eisi hufanya vivyo hivyo, ila badala ya maji hutumia gesi iliyofungiwa ndani ya paipu. Gesi huingia chumbani ikiwa majimaji, hapo hugeuka mvuke na kubeba joto la chumba. Kisha kompresa huisukuma hadi kwenye lile sanduku la nje, ambako hulitupa joto na kuwa majimaji tena. Ndivyo inavyozunguka siku zote.

Sasa zingatia jambo hili, msomaji. Gesi ya eisi haichomwi kama petroli ya pikipiki. Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, maana yake ni moja tu: kuna mahali inavuja. Kumbe miaka hiyo yote tulikuwa tukijaza ndoo iliyotoboka!

Kwa nini ikawekewa sheria?

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za CFC, zilizotumiwa kwenye mafriji na makopo ya kupuliza, hupanda juu sana na kuharibu ozoni. Ozoni ni utando unaotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 ikatangazwa kwamba utando huo umekonda mno juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye, 1987, mataifa yakakubaliana huko Montreal, Kanada, kuziondoa gesi hizo polepole. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1988. Sekretarieti inayousimamia iko papa hapa kwetu, Gigiri, Nairobi.

Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha CFC kufikia 2010. Mahali pake palichukuliwa na gesi kama R22, ambayo madhara yake ni madogo zaidi lakini bado yapo. Hiyo ndiyo gesi ya eisi ya ayeyo. Nayo pia imepangiwa mwisho. Kufikia 2025 nchi kama yetu zilitakiwa ziwe zimepunguza gesi za jamii hiyo kwa asilimia 67.5, na kufikia 2030 ziache kabisa, isipokuwa kiasi kidogo tu cha kutengenezea mashine za zamani hadi 2040.

Baadaye zikaja gesi kama R410A ambazo haziharibu ozoni hata kidogo. Lakini zikivuja hupasha dunia joto kupita kiasi. Kilo moja ya R410A ina nguvu ya kupasha joto sawa na kilo 2,000 na ushei za hewa ya kaboni. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kuongeza sehemu mpya katika mkataba. Kenya iliiridhia 2023. Matumizi ya gesi hizo katika nchi kama yetu yaliwekewa kikomo mwaka 2024, na yatapunguzwa hatua kwa hatua, kwa asilimia 80 kufikia 2045.

Inamhusu vipi mwenye eisi?

Sheria haimkatazi mtu kutumia mashine aliyo nayo. Hakuna askari atakayekuja kuing'oa ukutani. Kinachobanwa ni kuingiza gesi nchini, na NEMA ndiyo hutoa leseni. Ni kama bomba la maji la mtaa linalofungwa kidogo kidogo huku jerikeni kwenye foleni ni zile zile. Bei itapanda tu. Na anayeumia zaidi ni yule aliyenunua mashine kuukuu kwa sababu ilikuwa rahisi. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi huvunja upishi.

Hatari nyingine ni njia za mkato. Fundi wa pili tuliyemwita alisema, "Tutieni gesi ya kupikia, itapoza sawasawa." Na ukweli ni kwamba inaweza kupoza, hapo ndipo mtego ulipo. Gesi ile hushika moto, na mashine ya R22 haikuundwa kuibeba. Nyaya na swichi zake zinaweza kutoa cheche. Nilimfikiria ayeyo amelala, mlango na dirisha vimefungwa, gesi inavuja taratibu. Si desturi yetu mtoto kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini siku hiyo nilisema, "Abti, tafadhali usikubali." Alinikazia macho. Kisha akaniambia, "Haya, eleza."

Nikaeleza, na Abti akamrudia fundi wa kwanza na kumwomba atafute mahali panapovuja kwanza. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya paipu. Penye nati moja ya sanduku la nje, mapovu yakaanza kuchemka kama uji! Akaikata ncha ile ya paipu na kuiunga upya, akafyonza hewa yote kwa pampu, kisha akatia gesi kwa kipimo cha mizani. Tulilipa zaidi ya pesa za kuongeza gesi tu, lakini mpaka ninapoandika makala haya, ayeyo hajalalamika.

Kwa hiyo, wewe mwenye eisi nyumbani, dukani au kwa jamaa yako:

1. Soma kibandiko kilicho ubavuni. Kitakwambia kama ni R22, R410A, R32 au R290.

2. Ukiambiwa gesi imepungua, uliza, "Inavujia wapi?" Usilipie kuongezwa kabla ya jibu.

3. Usikubali kutiwa gesi tofauti na ile ya kibandiko. Kwa mfano, msukumo wa R410A huzidi ule wa R22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya kompresa yake ni mengine.

4. Fundi asiiachilie gesi kuukuu hewani. Aivute ndani ya mtungi wake.

5. Ukinunua mpya, ulizia ya R32, ambayo nguvu yake ya kupasha dunia joto ni kama thuluthi moja ya R410A, au ya R290, ambayo nguvu yake ni ndogo mno. Zote mbili zaweza kushika moto, R290 zaidi, kwa hiyo zifungwe na fundi aliyefunzwa. Tazama pia kibandiko cha nyota: nyota zikiwa nyingi, stima italiwa kidogo.

Nilimweleza ayeyo haya yote kwa Kisomali. Akatikisa kichwa. "Basi hawajakataza baridi," akasema. "Wamekataza ile iliyooza. Na hii yangu itakufa lini?" Sikuweza kumjibu. Ninalojua ni kwamba Abti ameanza kuweka pesa kando kila mwezi, ili siku hiyo ikifika tusikimbilie tena mashine ya bei ya chini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii, kabla hujafungua daftari la hesabu, zunguka nyuma ya nyumba ukasome kile kibandiko.