Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam na miji mingine huamini kuwa nyumba yenye fyuzi imekwisha kuwa salama. Imani hiyo ni ya hatari, kwani kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiungue, wala si kumwokoa mtu aliyenaswa na umeme.

Hesabu yake ni nyepesi. Plagi ya pini tatu itumikayo nchini huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa kwenye ekstensheni moja, kiwango hicho kimevukwa. Fyuzi ikiwa nzima, hukatika mzigo unapozidi mno. Lakini wapo wanaoziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Hapo kitakachoungua ni waya wenyewe, na baadaye pazia.

Kwa mwili wa binadamu mambo ni tofauti. Mkondo wa miliampea 30 tu, ambao haufiki hata sehemu moja ya mia nne ya ampea 13, ukizidi hapo na kupita kifuani huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu anayetia mkono katika ndoo ili kuonja joto la maji, huku hita ingali inawaka, anaweza kufa na taa za nyumba zisizimike.

Kinga ya mtu ni waya wa ethi uliofika ardhini kweli, pamoja na swichi maalumu inayokata umeme mara unapovuja. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio, ambacho wengi hawajapata kukibonyeza tangu wahamie. Ethi nayo hupotezwa bure na wanaochokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Mpangaji anayo haki ya kumwuliza mwenye nyumba kuhusu mambo hayo kabla ya kulipa kodi.

Aliyenaswa asishikwe kwa mkono. Izimwe kwanza swichi kubwa. Isipofikika, mwokoaji asimame juu ya kitu kikavu na kumsukuma kwa mti mkavu.