Bastola Isemwayo Haina Kitu

Wasikilizaji, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya bastola. Najua kwamba wengi wenu hamna bastola, wala hamtakuwa nayo, kwa kuwa sheria za Kenya na Tanzania hazimruhusu mtu kuwa na silaha hiyo pasipo kibali. Hata hivyo yafaa kila mtu ajue habari zake, maana apigwaye na risasi isiyokusudiwa huenda akawa ndugu, au mtoto, au rafiki aliyeketi karibu tu, na yule aliyeishika silaha alikuwa amekwisha kusema, "Msiogope, haina kitu."

Tutwae kwa mfano bastola iitwayo Colt M1911. Aliyeibuni ni Mmarekani, John Browning. Jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1911, ikawa bastola ya kawaida ya askari wao mpaka mwaka 1985. Uzito wake pasipo risasi ni kilo 1.1 hivi. Ndani ya mpini huingia magazini, nayo ni kisanduku chembamba cha chuma chenye risasi 7, zimepangwa moja juu ya nyingine na kusukumwa juu na kamani. Juu ya mtutu pana kifuniko kirefu cha chuma kiwezacho kuvutwa nyuma. Kikivutwa, huilaza nyuma nyundo ndogo iliyo kisogoni mwa bastola, nayo nyundo hunaswa hapo. Kikiachwa, hurudi mbele kwa nguvu, nacho hukokota risasi ya juu kutoka katika magazini na kuitia chemba, yaani tundu lililo mwanzo wa mtutu. Tangu hapo bastola ni kama mtego wa panya uliokwisha kutegwa. Mtu akivuta mtambo, yaani kile kilimi cha chuma cha kuvutwa kwa kidole, nyundo huachiliwa. Hupiga pini, na pini hupiga fataki iliyo kitakoni mwa risasi.

Ili mtego huo usifyatuke ovyo, liliwekwa komeo la usalama ubavuni, upande wa kushoto, mahali panapofikiwa na kidole gumba. Likiinuliwa, nyundo haiwezi kuanguka. Likishushwa, bastola i tayari kupiga. Komeo hilo hufanya kazi wakati nyundo imelazwa nyuma tu. Nyuma ya mpini pana komeo la pili, ambalo hufunguka lenyewe kiganja kikiubana mpini sawasawa.

Watu wengi wakisikia habari za makomeo hayo huona moyo umetulia. Mimi naona hapo ndipo hatari ianzapo. Komeo ni kipande cha chuma. Huchakaa, na huweza kusukumwa na nguo au mkoba pasipo mwenyewe kujua. Tena liko jambo ambalo wachache hulifikiri: komeo likiinuliwa hukifunga na kile kifuniko cha juu, kisivutike. Kwa hiyo mtu atakaye kuitoa risasi iliyo katika chemba hana budi kwanza kulishusha komeo. Saa ile ile anayofanya kazi ya kuiondolea bastola hatari, komeo halimlindi hata kidogo. Kinachomlinda ni mambo mawili tu: mdomo wa mtutu umeelekezwa mahali pasipo mtu, kama vile kwenye rundo la mchanga, na kidole kimenyoshwa ubavuni, nje ya pete ya chuma izungukayo mtambo. Kuuelekeza kwenye jiwe au sakafu ya saruji si salama, kwa kuwa risasi huruka ikaenda pengine. Na bati la nyumba au mbao za mlango haziizuii.

Kisha utaratibu. Magazini hutolewa kwanza, ndipo kifuniko huvutwa. Anayevuta kwanza huona risasi moja ikiruka nje, akafurahi. Kumbe kifuniko kiliporudi kimekwisha kuingiza nyingine. Akiitoa magazini baadaye, mkononi ana bastola iliyo nyepesi kidogo, haina magazini, na ndani ya chemba imo risasi moja. Colt ya namna hiyo hupiga hata magazini ikiwa mezani. Kwa sababu hiyo, kifuniko kikiisha kuvutwa hufungwa huko huko nyuma, mtu akatazama ndani ya chemba kwa macho, na gizani akapapasa kwa ncha ya kidole. Akimpa mwenziwe, humpa ikiwa wazi hivyo, na mwenziwe naye hutazama, wala hilo si kumvunjia mtu heshima.

Browning alifariki mwaka 1926 huko Ubelgiji, akiwa ameanza kazi ya bastola nyingine. Dieudonné Saive aliimaliza, ikatoka mwaka 1935 kwa jina la Hi-Power, ikachukua risasi 13, ikaenea katika majeshi ya nchi nyingi. Hiyo nayo ina nyundo na komeo, lakini iliundwa isipige magazini ikiwa imetolewa. Fikirini basi mtu aliyezoea Hi-Power, kisha siku moja akashika Colt. Mkono wake umekwisha kufundishwa kwamba bastola isiyo na magazini haipigi.

Kosa jingine ni kuishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba, huku mtambo umevutwa na risasi imo katika chemba. Kidole chenye jasho huteleza. Katika senema watu hucheza na nyundo kama mchezo, lakini bastola zao zimetengenezwa kwa ajili ya picha.

Na wewe usiye na bastola, ukiiona imetupwa njiani au shambani, usiiguse, wala usijaribu kulitafuta komeo. Waite watoto waje nyuma yako, mtu mzima mmoja abaki kupalinda mahali pale kwa mbali, asikae mbele ya mdomo wa mtutu, na mwingine aende kuwaita polisi. Awaambie mahali ilipo, na kama ameona, awaambie pia kwamba nyundo imelazwa nyuma.