Ngome Iliyogeuka Ofisi

Ndugu msomaji, ukisikia Fort Jesus unafikiria nini? Mizinga, Wareno, pengine popo. Mimi nami nilifikiria hivyo hivyo mpaka siku chama chetu kilipovuka kwa feri pale Likoni kwenda kuitembelea. Kilichonishangaza si mizinga, ni makarani. Ndiyo, makarani! Saa saba mchana, jua la Mombasa mnalijua, wamekaa na mafaili yao, feni imezimwa, na hakuna anayejipepea.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaiteka 1698. Waingereza nao wakaifanya jela, 1895 hadi 1958. Kisha ikawa makumbusho, na ukumbi wa maonyesho ukasimama palipokuwa kambi ya askari. Mwaka 2011 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia. Ngome ya Lamu pia ilikuwa jela, 1910 hadi 1984, na sasa ni makumbusho yenye maktaba.

Sasa, ule ubaridi unatoka wapi? Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene kupita kiasi, maana zilikusudiwa kuzuia mizinga. Joto nalo hupenya polepole mno. Likikaribia kufika ndani jua limekwisha tua, na upepo wa bahari unalirudisha lilikotoka. Linganisha na darasa letu chini ya mabati mwezi wa Februari! Basi aliyejenga kwa ajili ya vita alimjengea karani bila kujua, na stima haitumiki nyingi.

Lakini kuna sharti. Ukuta wa namna hii unazibwa kwa chokaa, si saruji. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na jiwe linaanza kumomonyoka.

Hapo niliposikia hayo nilishtuka, kwa sababu nyumba ya bibi yangu huko Msambweni ni ya mawe hayo hayo. Miaka michache iliyopita ilipigwa plasta ya saruji, na sasa inabanduka vipande vipande. Baba anataka kuivunja ajenge vyumba vya kupangisha ofisi. Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Baba, si ofisi ziwe humo humo?" Akacheka. "Na nyufa hizo, mwanangu, mpangaji atazitazama tu?" Nikamweleza habari ya chokaa. Bibi alikuwa akipeta mchele, akasema babu aliichoma mwenyewe, tanuri lilikuwa pale nyuma ya mwembe. Baba alinyamaza.

Hajakubali. Amesema tutazungumza mvua za masika zikiisha. Mimi nimeanza kuulizia bei ya chokaa.