Neno “Bank”: Mwinuko wa Udongo, Benchi na Pesa

Kiswahili kilipokopa neno benki kutoka Kiingereza, kilichukua upande mmoja tu wa maana. Kwa Mwingereza, “bank” ni mahali pa kuweka pesa, na pia ni udongo ulioinuka. Mtahiniwa au mfasiri anayeijua maana ya kwanza pekee huponzwa na ya pili.

Katika Kiingereza, maana ya udongo ndiyo kongwe. Iliingia katika Enzi za Kati kutoka lugha za Skandinavia. Kiswahili hakina neno moja linaloitosheleza, hutegemea muktadha:

(a) Ardhi iliyoinuka kando ya mto: ukingo.
(b) Mchanga uliorundikana baharini: fungu.
(c) Udongo ulioinuliwa kwa mkono: tuta.

Maana ya pesa ilikuja baadaye, katika karne ya 15, kupitia Kifaransa na Kiitaliano. Wabadilishaji fedha wa Italia walifanyia kazi kwenye benchi au meza, iliyoitwa “banca”. Neno hilo nalo Waitaliano walilipata katika lugha za jamii ya Kijerumani, kutoka shina lilelile lililozaa mwinuko wa udongo. Kwa hivyo, benki na benchi tunazozitaja kila siku ni ndugu wa damu.

Je, hizi ni maana za neno moja au ni maneno mawili? Kamusi za Kiingereza kwa kawaida huyaorodhesha kama maneno mawili, yaani homonimi, kwa kuwa yaliingia kwa njia tofauti na maana zake zimeachana. Linganisha na tuta la viazi na tuta la barabarani. Hapo wazo la mwinuko lingali wazi, kwa hivyo ni neno moja lenye maana zaidi ya moja, yaani polisemi. Vyote viwili ni vitawe, lakini sababu zake ni tofauti.

Fasihi nayo hututahini hapa. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri kama Mabepari wa Venisi (1969), Shylock anamtaja Antonio, katika tendo la tatu, kuwa aliyefilisika. Neno la Kiingereza lililotumika linatokana na Kiitaliano, kwa maana ya benchi lililovunjika. Katika tendo la tano, Lorenzo na Jessica wako Belmont usiku, na mbalamwezi imetua juu ya “bank”. Hiyo si benki, wala maandishi hayataji mto wowote hapo. Anayeandika “ukingo wa mto” ameongeza mto ambao mwandishi hakuuweka. Afadhali mwinuko au kijilima.

Mwalimu, wahimize wanafunzi waulize kwanza: ni nini kimeinuka, na kimeinuka wapi? Jibu ndilo litakalochagua neno.

Zoezi: Tunga sentensi mbili kubainisha maana mbili za neno fungu, kisha ueleze iwapo maana hizo zina uhusiano.