Je, Wajua? Kabureta ya Nairobi haiifai Garsen

Je, wajua kwamba bodaboda iliyotiwa jeti ndogo ya kabureta ili iende vizuri Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huweza kukosa petroli ya kutosha ikifika Garsen? Injini huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, na kwenye nyanda za chini za Mto Tana, ilipo Garsen, hewa ni nzito zaidi, hivyo petroli zaidi huhitajika. Huenda ukasema joto la Garsen huipunguza hewa hiyo. Kweli, lakini kutoka nyuzi 20 hadi 35 hupungua karibu asilimia 5 tu, ilhali kimo cha Nairobi huondoa karibu asilimia 18.

Wapo wanaoshikilia kuwa petroli kidogo ni akiba. Akiba gani hiyo, ikiwa mchanganyiko hafifu huunguza vavu na kutoboa pistoni? Cheche ikiwahi mno, injini hugonga na hatari huongezeka. Fungua plagi uitazame: nyeupe yadai petroli, yenye masizi imezidishiwa, ya hudhurungi iko sawa. Fundi na arekebishe kabureta hapo hapo injini inapofanyia kazi.