Msitu Uliobaki Mwambao wa Kisumu

Katika Ziwa Victoria, Kenya ina sehemu ndogo, takriban asilimia 6 tu, wakati sisi Watanzania tunashika karibu nusu ya ziwa. Lakini sehemu hiyo ndogo ina sura yake. Kubwa ndani yake ni Ghuba ya Winam, mkono wa maji unaoingia bara kuelekea mashariki mpaka Kisumu, huku visiwa na vilima vikiuziba karibu mlango wote unaotazama ziwa kuu. Kaskazini-mashariki mwa mji yanasimama magenge ya Nandi. Upepo wa ziwa huvuma mchana kuelekea huko ukiwa na unyevu, hupanda, hugeuka mawingu, na alasiri ngurumo huanza. Ndiyo maana asubuhi nyingi za Kisumu huwa angavu, na mvua huja jioni.

Msafiri anayeingia kutoka Sirari hatauona msitu wa asili kutoka barabarani. Ataona mahindi, miwa, migomba, paa za mabati na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Watu ni wengi na mashamba ni madogo. Msitu upo, ila umebaki vipande vipande, na baada ya kuuzunguka mwambao huu ninaamini kwamba hakuna kipande kilichosalia bila mlinzi. Kuna kinacholindwa kwa uzio, kuna kilichookolewa na matope, kuna kilichookolewa na inzi, na kuna kimoja kilichosimama karne nyingi kwa heshima tu ya watu wake.

Kisumu yenyewe ni mtoto wa reli. Tarehe 20 Desemba 1901 njia ya chuma iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, na mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Kutoka hapo abiria na shehena zilipanda meli kwenda Uganda. Treni za miaka ile zilikula kuni, na palipo na reli, bandari na mji unaokua, miti haikai muda mrefu.

Kilichobaki ndani ya mji ni hifadhi ndogo ya swala pala iliyotangazwa 1992, chini ya nusu kilomita ya mraba, kando ya barabara iendayo Dunga. Mkazi wa Mwanza ataifananisha mara moja na Saanane. Ndani ya uzio swala hulisha chini ya miti mikubwa, tumbili wanavizia mifuko ya wageni, na usiku viboko hupanda kutoka majini kula nyasi. Watoto wa shule huletwa kwa mabasi. Ni mahali pazuri pa kupumzika, lakini ni bustani zaidi kuliko msitu, na sikukaa sana.

Dunga nilikaa. Ni kijiji cha wavuvi kilomita chache kusini mwa mji, na nyuma ya mwalo wake kuna mafunjo yaliyoshikana hata mtu hawezi kupenya kwa miguu. Mafunjo haya hufikia urefu wa mita 4 hadi 5. Mizizi yake husukana ikawa zulia linaloelea, na mtumbwi ukipita kwenye njia nyembamba zilizokatwa katikati, mawimbi yake hulitikisa zulia lote mpaka vichwa vya mafunjo vinayumba mbali kabisa na ulipo. Msitu huu hauna hata mti mmoja, lakini una kivuli, una ghorofa zake, na una wakazi wasioweza kuishi kwingine. Mmoja ni ndege wa kichakani mwenye mgongo mweusi, tumbo jekundu na utosi wa manjano. Anaishi kwenye mafunjo tu. Yakikatwa, hana pa kuhamia. Usitegemee kumwona ukifika mchana. Nenda kabla jua halijapanda, mzime mashine ya mtumbwi, muanze kusikiliza: dume huita, jike hujibu papo hapo, na sikio la mgeni hudhani ni ndege mmoja.

Mafunjo hayo huchuja tope na uchafu unaoshuka na mito kabla haujafika ghubani, na samaki wachanga hujificha humo. Watu wa Dunga wanayajua haya kuliko mhadhiri yeyote, kwa sababu wanakula kutokana nayo. Wanaume huvua mbuta, ndiye sangara wetu. Wanawake huanika omena, ndio dagaa, juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Wengine hukata mafunjo kwa zamu, hapa leo na pale mwezi ujao, wakisuka mikeka, vikapu na viti. Siku hizi wanasuka hata gugumaji, lile gugu la Amerika ya Kusini lililoanza kuonekana upande wa Kenya karibu 1990. Upepo ukiamua, gugu hilo huifunika ghuba na kufungia mitumbwi nchi kavu kwa siku kadhaa. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kwa kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, maji yalipanda hadi kwenye vibanda vya mwaloni. Ukiwa hapo agiza ngege mzima wa kukaanga na ugali, na mboga ya osuga pembeni, ambayo ni mnavu. Hakuna haja ya kutafuta hoteli.

Magharibi ya Kisumu barabara ya Bondo hupita Seme, na huko kuna Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana yanayofikia urefu wa mita 40 hivi. Watu hupanda kusali katika mapango yake. Seme hiyo ndiyo Grace Ogot aliyoianzishia riwaya yake ya 1966, The Promised Land, inayosimulia mume na mke Wajaluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi. Msomaji wa Musoma au Rorya hahitaji kuelezwa habari hiyo, kwani ana jirani au bibi aliyefuata njia ileile.

Njia yenyewe, kwa mapokeo ya Wajaluo, inaanzia Got Ramogi. Kilima hiki kiko Yimbo, kaunti ya Siaya, mwendo mfupi kabla ya Usenge. Inasimuliwa kwamba Ramogi Ajwang' na watu wake, wakishuka kutoka upande wa Sudani kupitia Uganda, waliweka makao hapa, wakalindwa na mwinuko unaomwona adui kutoka mbali. Wanahistoria huuweka ujio huo mwishoni mwa karne ya 15 na katika karne ya 16. Koo zilitawanyika kutoka hapa kuizunguka ghuba, na baadaye nyingine zikaingia mkoa wetu wa Mara.

Kilima kimevaa msitu kuanzia miguuni hadi kichwani, na pande zake zote ni mashamba. Tofauti unaihisi kwa ngozi: hatua chache ndani ya miti, joto la Yimbo linakuachia. Njia ni ya mawe na mizizi. Kuna mikuyu iliyokumbatia miamba, kuna mimea tambazi inayopanda mpaka juu ya matawi na kuteremka tena, na chini kuna vichaka ambavyo mtembezaji wangu, kijana wa kijiji cha jirani, alikuwa na la kusema karibu kwa kila kimoja: gome hili kwa tumbo, mzizi huu kwa homa ya mtoto, jani hili kwa ndoa iliyokorofishana. Waganga wa mitishamba huja kutoka mbali kuchuma hapa. Alinieleza kwamba dawa haichumwi ovyo, na kwamba mwiko wa wazee kuhusu kukata mti ndani ya makao ya Ramogi bado una uzito, ingawa uchomaji mkaa unausogelea kutoka chini. Nikamwamini, kwa kuwa tulipita mashina mapya yaliyokatwa kwenye ukingo wa chini, na hatukuona hata moja huko juu.

Sisi tunaijua namna hii ya ulinzi. Misitu yetu ya matambiko imedumu hivyo, na Kaya za Mijikenda kule pwani ya Kenya, zilizoingizwa katika urithi wa dunia 2008, zilihifadhiwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba Got Ramogi haina jina kubwa nje ya Nyanza. Ninaona hilo ni kosa, maana kabila zima linakitaja kilima hiki kama mahali lilipoanzia katika nchi hii.

Juu kabisa miti huachana na unaona kwa nini Ramogi alipachagua. Ziwa Victoria liko upande mmoja. Upande wa pili limelala bwawa la Yala, mafunjo ya kijani yasiyo na mwisho kwa macho, na ndani yake maziwa madogo, Sare na Kanyaboli. Takriban hekta 2,300 za bwawa hilo zilikaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960, na mwanzoni mwa karne hii ikaja kampuni ya Kimarekani kulima mpunga, ikaondoka baada ya zaidi ya muongo mmoja wa mivutano ya ardhi. Nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, bado anajificha humo. Na Kanyaboli imehifadhi kitu ambacho ziwa kuu lilikipoteza: ngege wa asili na baadhi ya furu, ambao sangara na sato wa kigeni, waliopandwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, waliwafuta karibu kila mahali. Mafunjo yaliyokizunguka kiziwa hicho ndiyo yaliyowazuia sangara kuingia.

Kutoka Luanda K'Otieno feri huvusha magari hadi Mbita, upande wa kusini wa ghuba, na kutoka huko Bonde la Lambwe haliko mbali. Mbung'o waliwafukuza watu bondeni humo. Malale iliua, walowezi wakahama, na nyasi zikabaki kwa wanyama mpaka ikatangazwa hifadhi 1966, kisha 1983 ikawa hifadhi ya taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Mbayuwayu buluu, wanaozaliana Kitulo na nyanda nyingine za kusini mwa Afrika, wapo kati ya wageni wake wa Aprili hadi Septemba. Leo mbung'o wamepunguzwa sana, mashamba yamefika kwenye uzio, na ndani ya uzio huo wapo swala korongo wote wa porini waliobaki Kenya nzima. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15. Kwetu korongo bado wanatembea Ruaha na Katavi, na ningependa mamlaka za nchi hizi mbili zikae meza moja kuzungumzia kundi la Ruma mapema, kabla ya sensa nyingine.